Shuka Namba Moja

Mwalimu wetu wa kroshia hakuwahi kumwambia mtu kwamba kazi yake ni nzuri. Ukimpelekea jani la uzi ulilolihangaikia wiki nzima, aligeuza mbele, akageuza nyuma, akalivuta pembe mbili, kisha akalirudisha mapajani mwako na kusema, "Endelea." Sifa kubwa kuliko hiyo hakuwa nayo. Mimi niliipata mara nne katika miaka sita, na zote nne nazikumbuka, rangi ya uzi na nani alikuwa amekaa wapi. Neno lake la pili lilikuwa "Fumua." Hilo sikujaribu hata kulihesabu.

Tulimwita Mwalimu, na Wakongo wenzake walimwita Maman Mwalimu. Jina lake halisi lilikaa kwenye karatasi zake za ukimbizi ndani ya mkoba, naye hakupenda kulisikia, kwa sababu waliolisoma kwa sauti walikuwa watu wa ofisini peke yao, na kila walipolisoma ilimaanisha kusimama kwenye foleni nyingine. Kwa hiyo na mimi nitaliacha mkobani.

Darasa lilikuwa chumba cha nyuma cha ukumbi wa kanisa hapa Glenwood, Durban, Jumamosi saa nane mchana. Tulikuwa wanawake saba au wanane. Wengi walikuwa Wakongo wanaosuka nywele mjini, waliofika wakiwa bado na harufu ya mafuta ya nywele mikononi. Wakenya tulikuwa wawili. Mimi nilikuwa mwanafunzi niliyepanga chumba mitaa miwili kutoka hapo, na sikwenda kwa sababu ya uzi. Nilikwenda kwa sababu Jumamosi zilikuwa ndefu na sikuwa na mtu wa kuongea naye Kiswahili. Baadaye nilipata kazi maktaba ya chuo, nikabaki, na Jumamosi zikawa zake. Jina langu hakulitumia. Kwake nilikuwa "Mkenya", hata yule Mkenya mwenzangu alipokuwa amekaa karibu yangu.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kitu cha kuchekesha ukikifikiria. Tulifuma mapambo ya msimu wa kupukutika majani, katika mji ambao miti mingi haipukutiki kitu. Durban Aprili ikifika, jasho linapungua, unaanza kulala na shuka, basi. Lakini kulikuwa na mama mmoja mwenye mgahawa hapa hapa Glenwood, mzaliwa wa hapa, ambaye kila Aprili alitaka dirisha lake la mbele lining'inizwe nyuzi za mapambo: majani ya kahawia, mekundu na ya rangi ya haradali, maboga madogo kama ndimu, na matunda ya mwaloni yenye vikofia. Wapita njia walisimama kuyatazama. Mwalimu alikuwa na kazi nyingine, kofia za watoto na vitambaa vya makochi, lakini dirisha lile ndilo alilojivunia. Taxi aliyopanda, matatu ya huku, ikipita pale na kusimamishwa na robot, yaani taa za barabarani, aliwagusa abiria asiowajua na kuwaonyesha kwa kidole.

Mwaloni wenyewe tuliujua kwenye Biblia tu. Tulipofuma tunda lake kwa mara ya kwanza, msusi mmoja aliliangalia akasema huyu ni mzee mwenye upara aliyevaa kofia, tukacheka mpaka tukapoteza hesabu ya vitanzi. Mwalimu hakucheka. Alingoja tunyamaze, kisha akasema, "Bon. Fumueni mwote."

Kama hujawahi kushika sindano ya kroshia, jua jambo moja tu unielewe. Ncha yake ina kulabu ndogo ya kuvutia uzi, na unene wake hupimwa kwa namba. Sindano nene hutoa vitanzi vikubwa na kitambaa kinacholegea. Nyembamba hutoa vitanzi vidogo na kitambaa kilichokaza. Kila donge la uzi huja na karatasi inayokwambia utumie namba gani, na ya uzi wetu ilisema nne. Mwanafunzi mpya alifika na namba nne yake aliyonunua mjini, akijiona ametii maagizo. Mwalimu alimwachia. Alimwachia afume boga zima, alijaze pamba tuliyoitoa kwenye mito mikuukuu, alifunge na kikonyo juu. Ndipo alipolichukua, akaenda nalo dirishani, akaliinua.

"Iko mwangaza?" aliliuliza darasa zima.

Ulikuwapo. Kati ya kitanzi na kitanzi mwanga ulipenya, na pamba nyeupe ilichungulia kila mahali.

"Ile karatasi inaongea na mutu wa sweta," alisema. "Sweta inataka hewa. Boga, hapana. Boga iko na siri ndani. Shuka namba moja."

Ukashuka tatu na nusu, ukarudi dirishani. Ukashuka tatu. Wengi wetu tulitulia kwenye mbili na nusu. Mwenye mkono uliolegea alishuka hadi mbili, na yule Mkenya mwenzangu, aliyevuta uzi kana kwamba ana ugomvi nao, aliruhusiwa kubaki na tatu. Mwalimu alituambia kwamba namba si ya uzi, namba ni ya mkono, na mkono haukai mmoja. Mkono wa mtu mwenye njaa unalegea. Mkono wa mtu aliyegombana na mume wake unakaza. Kwa hiyo kila Jumamosi, hata ukiwa umefuma miaka mitano, ulianza na kipande kidogo cha kujaribu, ukakipeleka dirishani kabla ya kuendelea. Aliyeruka hatua hiyo aliitwa bwana mkubwa alasiri nzima.

Sindano zake zilikuwa za chuma, na namba zilikuwa zimefutika pale kidole gumba chake kilipokaa. Alizipima kwa kifuniko cha margarini alichokitoboa kwa msumari wa moto, matundu saba, kila tundu na namba yake kwa kalamu. Ukichomeka sindano ikapita bila kubanwa wala kucheza, hiyo ndiyo namba yake. Kifuniko kilikaa kabatini ukumbini. Sindano alizihifadhi kwenye kipochi cha miwani, na miwani yenyewe ikazurura ovyo ndani ya mkoba pamoja na funguo na pipi, mpaka vioo vikajaa mikwaruzo. Tulimwambia mara ngapi. Alisema miwani zinauzwa kila pahali.

Mwezi wa pili ulimkasirisha kila mwaka. Joto la Durban la mwezi ule linalowesha vidole, sindano inagoma kuteleza, uzi unang'ang'ania. Alituletea poda ya watoto, akapita akituwekea kidogo kidogo viganjani kabla hatujaanza, na ukumbi mzima ukanukia mtoto aliyeogeshwa. Ilikuwa namna yake pekee ya kumgusa mtu. Sidhani kama alijua tulikuwa tunaingojea.

Ukali wake ulikuwa juu ya jambo moja, ukweli pale dirishani. Siku moja alimuuliza msusi mmoja kuhusu boga la rafiki yake. Msusi akamhurumia mwenzake, akasema hakuna mwanga. Ulikuwapo, sote tuliuona. Mwalimu aliwaambia wafumue wote wawili, mwenye boga na msemaji.

"Lakini Maman, mimi nimefanya nini?"

"Umemwibia."

"Eish! Nimemwibia nini?"

"Boga ya pili. Ile angefanya muzuri kama ungesema kweli."

Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka hapo na nilisikia kila neno. Hiyo sehemu inaniuma mpaka leo, kwamba siwezi kusema sikujua.

Msidhani alikuwa mtu wa ukweli mahali pote. Dada yake alipopiga simu kutoka Bukavu, Mwalimu alikuwa hana ugonjwa, hana shida, na Durban ilikuwa mji wa raha tupu. Kwaya ikiimba vibaya alipiga makofi. Alitukataza sukari kwa sababu iliharibu damu yake, halafu akafungua kopo la maziwa mazito na kuyamimina kwenye chai yake mpaka ikabadilika rangi, na ukimtazama alikuuliza umeona nini. Nilimpenda kwa hayo pia. Lakini uzi aliutenga na mengine yote.

Alibisha pia. Kazini walinipeleka mkutano Ulaya mwezi wa kumi, na huko ndiko nilikoona msimu ule kwa macho yangu, majani yakianguka barabarani wala mtu hayafagii. Niliokota moja, jekundu lenye ncha tano, nikalilaza katikati ya daftari, nikamletea kama zawadi. Alilishika kwa bua, akalitazama, akaliweka kando ya jani lake alilofuma.

"Rangi si hii," alisema.

"Mama, hili ndilo lenyewe. Limetoka kwenye mti."

"Limetoka, ndiyo. Limekufa. Yangu iko nzima." Akanirudishia daftari langu bila jani. Sikuona alilipeleka wapi, na nilijua kwamba kuuliza ni kutafuta maneno.

Kisukari kilimwanza vidoleni. Kwanza alilalamika kwamba poda haifanyi kazi, baadaye kwamba viwanda siku hizi vinatengeneza uzi mlaini mno hausikiki. Ilikuwa ganzi. Macho nayo yalififia taratibu, na mikwaruzo ya miwani ilimpa kisingizio. Hakutuambia. Mimi nilijua kwa sababu nilikuwa nikimsindikiza kwenye taxi ya kwenda Greyville alikoishi, na nikaanza kugundua kwamba ananishika mkono kwenye ngazi, na kwamba ananiuliza taxi gani hiyo inayokuja.

Kisha akaanza kuniita dirishani. Mwanzo ilikuwa kazi za wanafunzi wapya. "Mkenya, kuja. Tuangalie." Aliinua kitu, mimi nikasema ulipo mwanga na usipo, naye akatoa hukumu kwa sauti ile ile. Wengine walifikiri ananifundisha ualimu. Nilijiona mtu mkubwa, sitaficha.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili alifunga boga lake mwenyewe, la kwanza kwa ajili ya dirisha la mwaka ule. Alikuwa amelifuma jioni tatu nyumbani, alitueleza, na alifurahi kwa namna ambayo kwake ilikuwa ngeni, akificha tabasamu kwa kujifanya anapangusa jasho. Aliondoka kitini, akalipeleka kwenye mwanga, akaniita. Na safari hii hakuuliza kwa sauti ya darasa. Aliinamisha kichwa karibu na langu.

"Iko mwangaza?"

Pamba ilichungulia upande mzima. Mkono wake ulikuwa umelegea bila yeye kujua, kwa kuwa vidole havikusikia tena uzi unavyokaza, na alikuwa ametumia mbili na nusu yake ya siku zote. Nyuma yangu wenzangu waliona. Nilihisi wameacha kufuma.

"Hakuna, Mama," nilisema.

Nimejieleza mara nyingi tangu siku hiyo. Nimejiambia kwamba kwetu nilifunzwa mama wa umri ule haambiwi mbele za watu kwamba kazi yake ina kasoro. Unanyamaza, unapokea kwa mikono miwili, unashukuru. Nimejiambia kwamba jioni tatu za mgonjwa si kitu cha kufumuliwa. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililonifaa. Nilimwonea huruma, na huruma ile ilikuwa ya kuniondolea mimi aibu.

Yeye aliniamini. Alirudi kitini, akaanza boga la pili kwa sindano ile ile. Baada ya hapo ningesemaje? Kila Jumamosi alileta mawili matatu, kila Jumamosi alininong'oneza, na kila Jumamosi nilisema hakuna. Wenzangu walinitazama usoni mara ya kwanza na ya pili, kisha wakainamia kazi zao. Walidhani nina sababu. Mpaka mwezi wa tatu unaisha alikuwa na maboga zaidi ya kumi na tano na matunda ya mwaloni yenye vikofia vilivyolegea, na nilimbebea mfuko mimi mwenyewe hadi mgahawani. Mwenye mgahawa alitazama ndani ya mfuko, akanitazama mimi, akamshukuru Mwalimu kwa adabu nyingi. Nilitoka pale nikijiambia kwamba limepita.

Wiki mbili baadaye robot iliisimamisha taxi yake mbele ya dirisha lile. Sasa hakuyaona vizuri mapambo kutoka ndani ya gari, kwa hiyo alishuka ayaone kwa karibu. Dirishani palikuwa na majani, ya kwangu na ya wasusi. Boga hata moja hapakuwa nalo. Akaingia ndani kuuliza, na akayakuta kwenye kikapu sakafuni, kile wanachowawekea watoto wa wateja wapate cha kuchezea. Watoto walikuwa wameyavuta, pamba imetoka nje. Mwenye mgahawa aliona haya. Alimwambia alifikiri yeye anajua, alifikiri safari hii ameamua kuyafuma kwa namna nyingine, na hakutaka kumkwaza. Kumbe hata yeye alikuwa na huruma. Mwalimu alizungukwa na watu wenye huruma kila upande.

Jumamosi iliyofuata alifika ukumbini kabla yetu. Boga moja lilikuwa mezani mbele ya kiti changu. Hakusubiri tukae.

"Mkenya. Lete pale dirisha."

Nililipeleka.

"Iko mwangaza?"

Nililia, na machozi yangu hayakumsogeza hata kidogo.

"Vidole yangu imekufa, sawa. Macho, sawa. Ile ni ya Mungu," alisema. Hakupaza sauti. "Lakini weye ulikuwa macho yangu. Juu ya nini hukusema? Ningeshuka namba moja. Namba moja tu! Dakika mbili, kubadilisha sindano, ninaendelea."

Hilo ndilo ambalo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Miezi miwili nilikuwa nikimlinda na aibu isiyo na dawa, na dawa ilikuwa imelala kwenye kipochi cha miwani, sindano namba mbili. Ndilo somo la kwanza alilomfundisha kila mtu aliyeingia pale. Mkono haukai mmoja, ukilegea unashuka. Mimi niliona mkono wake umelegea nikafikiri umekwisha.

Alichukua kipochi chake akatoka. Sikumsindikiza kwenye taxi. Msusi mmoja alimfuata mbio. Hakurudi ukumbini tena. Darasa liliendelea miezi michache chini ya yule Mkenya mwenzangu, anayevuta uzi kwa nguvu, kisha likafa. Mwenye mgahawa siku hizi ananing'iniza mapambo ya plastiki.

Nilimpigia simu. Alipokea kila mara. "Niko muzuri, mwanangu. Na kazi? Na baridi?" Sauti aliyompa dada yake wa Bukavu ndiyo aliyonipa mimi, ya kila kitu ni raha tupu, na hakuniita Mkenya. Ningefurahi angenitukana. Miaka miwili ilipita hivyo, nami nikaacha kupiga, nikisema kazi ni nyingi.

Mwezi wa tano mwaka huu walisafisha kabati la ukumbi, na mtu akanitumia picha akiuliza takataka hii ni ya nani. Kilikuwa kifuniko cha margarini. Nilikwenda kukichukua siku hiyo hiyo, na Jumapili baada ya ibada nilipanda taxi ya Greyville. Nilitia pia mkobani uzi wa rangi ya chungwa na sindano ya kwanza niliyoikuta, nisijue ni kwa ajili gani.

Mpwa wake alinifungulia. Mwalimu alikuwa amekaa dirishani, ghorofa ya nne, na chini tuliona uwanja wa mbio, farasi wawili wakitembezwa polepole. Alikuwa amepungua. Mikono ililala magotini, vidole vimekunjika vikakataa kufunguka. Ukutani, katikati ya picha za watoto wa ndugu zake, palikuwa na fremu ndogo, na ndani yake jani lenye ncha tano, limegeuka kahawia. Nilisimama nikilitazama.

"Ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi, Mama. Yule Mkenya."

Aligeuza uso kuelekea sauti yangu. "Keti," alisema mwishowe, na kumwambia mpwa alete chai, na maziwa ile ya kopo.

Niliweka kifuniko mapajani mwake. Alikigusa kwa viganja, kwa kuwa ncha za vidole hazikumwambia kitu, akatambua. Nikaanza kuomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno ndani ya taxi, marefu, nikafika nusu yake tu.

"Ile mwaka," alinikatiza, "mikono ilikuwa bado na kazi. Leo hata kijiko, ni huyu mutoto ananisaidia." Alitazama nje kama mtu anayeona farasi. "Ile mwaka moja. Ndiyo ilikuwa ya mwisho."

Nilisema najua. Nilisema nimelibeba kila siku. Alitikisa kichwa kidogo, sijui ni kunikubali au kuniambia ninyamaze. Kisha akauliza, "Umekuja na sindano?"

Nilimpa. Alimwambia mpwa aichomeke kwenye kifuniko na amwambie imepita tundu gani. Tatu, akasema mpwa. Mwalimu alinirudishia, akaniambia nimfumie boga.

Nilikuwa sijafuma miaka miwili. Chai ilipoa. Alisikiliza tu, na mara moja alinirekebisha bila kuona, akisema nimeruka kitanzi, na kweli nilikuwa nimeruka. Nilipofika zaidi ya nusu, mpwa akavuta pamba kidogo kutoka kwenye mto wa kochi, nikaijaza. Mwalimu alilipokea kati ya viganja viwili, akaliinua kuelekea dirishani. Pale juu akaligeuza mara moja, mara mbili, kwa kuwa ndivyo alivyofanya siku zote. Halafu akanigeukia mimi.

"Iko mwangaza?"

Aliniuliza mimi tena. Mpwa alikuwapo, angeweza kumuuliza yeye. Niliangalia. Mkono wangu ulikuwa umelegea kwa kukaa bila kazi, na sindano ilikuwa tatu. Jua la saa kumi lilipita katikati ya vitanzi na pamba ikaonekana yote.

"Iko, Mama."

"Mingi?"

"Mingi."

"Fumua."

Nilivuta uzi, boga likafunguka duara baada ya duara mpaka likabaki fundo la mwanzo, na hilo nalo likatoka. Aliniashiria kipochi cha miwani kwenye ukingo wa dirisha. Nilikifungua, nikachagua sindano kwa macho, nikaipima kwenye kifuniko: mbili na nusu, iliyofutika namba. Chuma chake kilikuwa kimelika pale gumba linapokaa, na gumba langu likaingia humo humo. Nikafuma mnyororo, nikaufunga duara, nikazunguka mara ya kwanza, nikaliinua mwenyewe dirishani bila kuambiwa, nikamwambia nilichokiona: hakuna mwanga, ila mahali pamoja, kitanzi cha nne.

Mikono yake mitupu ilibaki magotini.

"Endelea," alisema.